Tauni ya Enzi za Kati: panya asibebeshwe lawama peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu namna tauni ya karne ya 14 inavyosimuliwa magazetini na hata katika vitabu vya shule. Kila inapotajwa, lawama zote humwangukia panya: alishuka melini, viroboto wake wakauma watu, na watu wakafa. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaishia njiani, kwa kuwa yanamwonyesha binadamu kana kwamba alikaa nyumbani akisubiri kuletewa maradhi.

Ni kweli kwamba bakteria wa tauni huzaana ndani ya kiroboto wa panya mpaka wakaziba njia yake ya chakula. Kiroboto huyo, akisumbuliwa na njaa, huuma mara kwa mara, na damu anayofyonza, kwa kukosa pa kupita, humrudia aliyeumwa ikiwa imebeba bakteria. Mgonjwa hushikwa na homa kali na kuvimba mitoki kinenani, kwapani au shingoni. Hata hivyo, wakati mwingine bakteria hao hufika mapafuni, na hapo kiroboto hahitajiki tena: mgonjwa hukohoa, anayemuuguza huvuta hewani matone ya makohozi yake, na asipotibiwa naye hufa baada ya siku chache.

Tuutazame pia mwendo wa ugonjwa wenyewe. Meli za Genoa zilizotoka upande wa Bahari Nyeusi ziliufikisha Messina, katika kisiwa cha Sicily, Oktoba 1347. Mwaka 1348 ulikuwa umeshaingia Florence, Paris, Cairo na Dameski, na mwaka 1349 uliua watu Bergen, nchini Norwei. Panya wa ghalani hasafiri hivyo kwa miguu yake. Nakubali kwamba shehena ya nafaka ingeweza kumbeba, lakini shehena hiyo nayo ilisafirishwa na watu, na watu hao walivaa nguo zenye chawa na viroboto wao wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walilinganisha takwimu za vifo vya milipuko tisa ya zamani na njia mbalimbali za maambukizi, wakaona kwamba katika milipuko saba, chawa na viroboto wa binadamu walilingana na takwimu hizo kuliko panya. Mjadala haujafungwa, nami sidai kuufunga kwa barua moja.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba wapo walioona wakati uleule kwamba watu huambukizana, ingawa si wote. Oktoba 1348 mabingwa wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walieleza kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi katika nyota ya Ndoo mwaka 1345. Kule Granada, katika Hispania ya leo, tabibu na mwanasiasa Ibn al-Khatib hakuhangaika na nyota. Aliandika kwamba anayemgusa mgonjwa huugua na anayejitenga husalimika, na kwamba nguo, chombo, hata hereni, vyaweza kuingiza maradhi katika nyumba. Kwa maoni yangu, hereni ile ina elimu kubwa kuliko sayari zote tatu.

Mwaka 1377 baraza la Ragusa, mji unaoitwa Dubrovnik leo, liliamuru kwamba wanaotoka kwenye maeneo ya tauni wakae kwanza siku 30 nje ya mji. Bakteria mwenyewe hakutambuliwa mpaka Alexandre Yersin alipomwona Hong Kong mwaka 1894, lakini watawala wale walikwisha kujua ni nani wa kumzuia mlangoni, naye alikuwa msafiri. Kwa hiyo, Mhariri, gazeti lako litakapoandika tena kuhusu tauni hiyo, naomba liwataje panya pamoja na mabaharia, wauguzi, wakimbizi na nguo walizovaa.

Msomaji wako