Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Scotland: chimbeni matope ya Gask kabla hayajakauka

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Perthshire. Nakala ya Kiingereza utaipata ofisini kwako. Hii ya Kiswahili nimeiweka wazi kwa ajili ya wenzangu, ambao kila nikiwaambia kwamba Jumapili nimeshinda msituni nikitazama mtaro, huniuliza kama nina akili timamu.

Mtaro wenyewe uko Muir O'Fauld, juu ya mgongo wa Gask, kilima kirefu ambako Warumi walipanga minara ya ulinzi. Ni duara la tuta na handaki lililoachiwa pengo upande mmoja tu, ule wa barabara ya Kirumi. Ndani yake hakuna cha kupiga picha. Hapo palisimama mnara wa mbao wenye nguzo 4, askari wachache wa Kirumi wakikesha juu yake. Mnara mwingine ulikuwa mbele, mwendo wa kilomita moja hivi, kisha mwingine, na barabara ikiifuata hadi karibu na ngome ya Bertha kando ya mto Tay. Yote hayo yalijengwa katika miaka ya 70 au 80 baada ya Kristo, miongo kadhaa kabla ya Ukuta wa Hadrian, ule wa Kirumi kaskazini mwa England, ulioanzwa mwaka 122. Ukuta wa Antonine, wa Kirumi pia, hapa Scotland, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, Gask haimo. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Orodha na vibao vya watalii vinaweza kusubiri.

Kinachonikosesha raha ni ule mjadala wa "70 au 80". Mwanaakiolojia David Christison alichimba baadhi ya minara hii mwaka 1900, na kwa muda mrefu hadithi ilikuwa nyepesi: gavana wa Kirumi Agricola, aliyefika Uingereza mwaka 77, alijenga, na baada ya miaka michache jeshi likaondoka. Kisha wakaja wanaakiolojia David Woolliscroft na Birgitta Hoffmann na mradi wao wa Gask. Katika minara kadhaa, Greenloaning ukiwa mmojawapo, walikuta mashimo ya nguzo yaliyochimbwa upya. Mnara ulisimama, ukachakaa, ukajengwa tena. Nguzo nene haiozi kwa msimu mmoja, Mheshimiwa. Basi huenda kazi ilianza kabla Agricola hajatia mguu kaskazini.

Mwisho wake ndio unaojulikana zaidi. Sarafu zinaonyesha kwamba kufikia mwaka 87 hivi walikuwa wanafunga virago, kwa kuwa majeshi yalihitajika kwenye mto Danube. Huko Inchtuthil, kwenye ngome kuu ya kikosi, walifukia misumari ya chuma ipatayo 875,000 ili wenyeji wasiipate kuifua silaha. Iligunduliwa mwaka 1960. Ukarimu wa aina hiyo tunaujua.

Kwa mwanzo wake, sarafu hazitoshi, kwa sababu sarafu ya zamani hukaa mfukoni miaka. Kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri wa mbao na mifupa, nacho hukupa miongo, wakati ubishi wenyewe ni wa miaka kama 10. Kinachoweza kuukata ni mti. Kule Rainau, Ujerumani, magogo ya mwaloni ya uzio wa mpaka wa Kirumi yalibaki kwenye ardhi chepechepe, na pete zake, moja kwa kila mwaka wa ukuaji, zilionyesha yalikatwa katika miaka ya 160. Minara ya Gask iko juu, pakavu, na nguzo zake zimebaki kuwa doa tu kwenye udongo. Lakini barabara haikai juu muda wote. Hushuka mabondeni, hukatiza vinamasi, ina mitaro ubavuni na mashimo ambamo askari walichota changarawe ya kuisakafia. Changarawe yenyewe haitakwambia tarehe, maana barabara imekanyagwa na kukarabatiwa karne nyingi. Gogo lililolala chini yake kwenye tope, likipatikana, litakwambia.

Na tope hilo linakauka. Kila mfereji unaochimbwa kutoa maji shambani au kwenye msitu wa kibiashara hushusha maji ya ardhini, hewa ikaingia, na mbao iliyohimili karibu miaka 2,000 ikaoza katika kipindi cha maisha ya mtoto anayeanza shule leo. Kiangazi kikali huongezea.

Ninachoomba si uchimbaji mkubwa. Fedha za msimu mmoja wa kutoboa udongo kwa keekee za mkono katika kila bonde ambalo barabara inapita, kati ya ngome za Ardoch na Bertha. Vipimo vya kina cha maji viachwe humo, visomwe mwaka mzima. Na mfereji mpya usikatwe karibu na barabara kabla mwanaakiolojia hajapita. Panapoonekana mbao, hapo ndipo pachimbwe, na mahali pengine pasichimbwe kabisa.

Niko tayari kukuonyesha mabonde mawili ninayoyafahamu. Njoo na mabuti ya mpira.

Wako,
Mkazi wa Perthshire, mzaliwa wa Tanga