Usirudi Kumamoto: barua kwa mwanangu aliyeko Nagasaki

Kumamoto, Februari 1877

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Eti unaacha kazi ya simu za waya urudi huku kisa umesikia vijana wa Saigo, yule jenerali aliyejiuzulu serikalini, wamevamia maghala ya silaha kule Kagoshima, na wewe unaona wakati umefika. Wakati wa nini? Usije. Kaa hukohuko.

Ya Oktoba umeyasikia lakini hukuyaona. Wale Shinpuren, kile kikundi cha samurai wachukia ugeni walioasi hapa Kumamoto, hata 200 hawakufika, bunduki walizikataa kwamba ni za wageni, wakaingia kambi ya jeshi la serikali usiku na mapanga, wakamuua kamanda, na gavana naye wakamjeruhi akafa baadaye. Ikawaje? Asubuhi kila kitu kimeisha. Na waliowapiga risasi ni watoto wa wakulima waliochukuliwa na sheria ya jeshi ya 1873, ambao baba zao, sisi samurai tukipita, walikuwa wakiinama mpaka chini. Jirani wa pale kisimani alikuwemo kati ya Shinpuren, yule aliyekuwa akipita chini ya nyaya za simu anajifunika kichwa kwa upepeo asipate najisi ya vitu vya wageni. Nyaya hizohizo ndizo zinakulisha wewe, nikimkumbuka sijui nicheke au nilie.

Usidhani mimi sina hasira. Bwana wetu alipoitwa Tokyo mwaka 1871 himaya yake ikageuzwa mkoa, nililia mbele ya mama yako. Mwaka jana Machi tukakatazwa kutembea na upanga, Agosti wakatangaza posho zote za samurai zigeuzwe hati za dhamana za serikali. Wenzangu wanalaani. Mimi sina cha kulaani, posho yangu nilikubali mwenyewe igeuzwe 1874, nusu taslimu nusu hati, ile taslimu ikaishia kwenye duka la mchele, samurai mzima nikawa naona aibu kudai madeni. Basi hayo yaache.

Zile hadithi za vita nilizokuwa nakusimulia nikishapata sake kidogo, nyingi ni za babu yako. Upanga wangu haujakata kitu zaidi ya matita ya majani mazoezini. Na usiuulizie, haupo tena.

Lakini na wewe una kichwa kigumu, tangu mdogo. Mama yako anatangaza kwa majirani kuwa mwanawe anapeleka maneno Tokyo kabla chai haijapoa, halafu wewe unataka kuja kupigwa risasi na mtoto wa mkulima! Nimesema usije.

Figili za chumvi umezipata? Mama yako ametia nyingi, kagawie wenzako. Dada yako anataka shule, tutaona kodi ikilipwa, wameipunguza ile ya ardhi toka asilimia 3 hadi 2.5 ila wanataka pesa taslimu. Paa la jikoni linavuja upande wa jiko, nitapanda mwenyewe mvua ikiacha, usije ukafanya hiyo ndiyo sababu ya kurudi.

Baba yako