Mwanafunzi wa uchumi asiikimbie sheria

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kuchagua kozi za hiari ukifika, wanafunzi wa shahada ya uchumi katika vyuo vyetu hukimbilia takwimu, benki na uwekezaji. Sheria huachwa kwa madai kwamba ni somo la kukariri vifungu. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini uamuzi huo unawagharimu, na ni sheria zipi hasa zinazowafaa, maana si zote.

Tuanze na riba. Darasani mwanafunzi huambiwa kwamba riba ni bei ya fedha, na kwamba ndani yake mna malipo ya hatari ya mkopaji kushindwa kulipa. Hatari hiyo huandikwa ubaoni kama herufi moja tu. Ukitaka kujua inatoka wapi, fungua Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Namba 4 ya 1999, sehemu ya rehani.

Chukua mfano wa nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 100, iliyowekwa rehani kwa mkopo wa milioni 70, riba asilimia 16 kwa mwaka. Mkopaji akikwama, benki haiwezi kumwita dalali kesho yake. Lazima kwanza impe notisi ya siku 60, na kwa siku hizo deni huongezeka kwa takriban shilingi milioni 1.84. Hilo linabebeka. Kisichobebeka ni pale nyumba inapokuwa ya familia na mwenza anayeishi humo hakuridhia. Kifungu cha 114 kinataka saini yake au ushahidi wa ridhaa yake, la sivyo rehani si halali. Shauri likikaa mahakamani miaka 3, riba peke yake, hata bila kuzaa riba nyingine, inafika milioni 33.6. Deni sasa ni milioni 103.6 na nyumba ni ile ile ya milioni 100.

Hata benki ikishinda, kuna kifungu cha 133. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Katika mfano wetu mstari huo uko kwenye milioni 75, na wote tunajua bei za mnadani zilivyo. Ndiyo maana afisa mikopo mwenye akili hatoi milioni 95 kwa nyumba ya milioni 100, na ndiyo maana humwita mke au mume wa mkopaji aje na kitambulisho chake. Asiyeisoma sheria hii huandika tasnifu nzima akilaumu uroho wa mabenki. Sisemi ulinzi wa mwenza uondolewe. Umeokoa familia nyingi zisilale nje. Nasema una bei yake, na kazi ya mchumi ni kuijua bei hiyo.

Sheria ya pili ni ya mikataba, Sura ya 345. Hapa mwanafunzi asimezwe na mjadala wa lini hasa mkataba unazaliwa, ambao wanasheria wanaupenda mno. Aende moja kwa moja kifungu cha 73, kinachohusu fidia. Aliyevunja mkataba hulipa hasara iliyotokea kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Mnunuzi wa korosho aliyecheleweshewa magunia, akapoteza oda ya bei ya juu kutoka nje, hatalipwa faida ya oda hiyo ikiwa hakumweleza muuza magunia habari zake kabla ya kukubaliana. Ukikitazama kwa jicho la mchumi, kifungu hiki kinahusu taarifa: mwenye taarifa aitoe, ili mwenzake aamue achukue tahadhari kiasi gani na adai bei gani.

Jinsi fani hizi mbili zinavyoshikana ilionekana wazi katika sakata la maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kuendesha huduma ya maji jijini. Juni 2005 serikali iliichukua huduma hiyo kwa nguvu na viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Mwekezaji, Biwater Gauff, akafungua shauri katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Julai 2008 jopo la wasuluhishi lilitamka kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake wa uwekezaji na Uingereza. Lakini fidia haikutolewa hata senti, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshazama kifedha kabla ya kuchukuliwa, na thamani yake wakati huo ilikuwa sifuri. Swali la kwanza, la haki na makosa, nchi ilishindwa. Swali la pili, la hasara ni kiasi gani na ilisababishwa na nini, ndilo lililoinusuru hazina, na hilo halijibiwi bila mtu anayejua kukokotoa thamani ya leo ya mapato ya kesho. Mtu huyo asipoielewa lugha ya jopo, hesabu zake hubaki kwenye jalada.

Ushindani wa kibiashara sitauzungumzia kwa kirefu, kwani huo karibu wote ni uchumi uliovishwa joho. Sheria ya Ushindani ya 2003 inalitafsiri soko kwa kuangalia bidhaa zinazoweza kushika nafasi ya nyingine, upande wa mnunuzi na wa mzalishaji. Ilipotungwa iliweka mgao wa zaidi ya asilimia 35 kuwa moja ya masharti ya kuhesabiwa kuwa unalitawala soko. Sasa asilimia 35 ya nini? Saruji ni nzito na usafiri wake ni ghali. Ukichora soko la nchi nzima unapata mgao mmoja, ukichora la kanda unapata mwingine kabisa. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume ya Ushindani, lilitengua idhini ambayo Tume hiyo ilikuwa imeitoa kwa kampuni ya Scancem kuinunua kampuni ya saruji ya Tanga Cement, na mgao wa soko ulikuwa katikati ya ubishi. Mwanafunzi anayejua unyumbufu wa mahitaji, yaani jinsi mahitaji yanavyobadilika bei ikibadilika, tayari ana nusu ya kinachohitajika kulifuatilia shauri kama hilo.

Kwenye kodi, anayejua viwango tu bado hajajua kodi. Mfanyabiashara asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe sharti alipe kwanza theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Aliyekadiriwa milioni 90, naye anakubali milioni 20 tu, atatoa 30. Akikubali 40, atatoa 40. Kwa duka lenye mzunguko mdogo, fedha hiyo ndiyo mtaji wenyewe, na wengine hukubali kodi wasiyodaiwa kwa kukosa ya kutanguliza. Takwimu za mapato haziwezi kukuonyesha jambo hilo.

Namna ya kusoma sheria nayo ina utaratibu wake. Anza na kifungu cha tafsiri, kwa sababu neno kama "mtu" au "soko" huwa na maana pana au finyu kuliko ya mtaani. Kisha tafuta kifungu kinachotoa amri, utofautishe "atatakiwa" na "anaweza". Halafu tafuta adhabu au matokeo ya kuvunja amri hiyo. Amri isiyo na matokeo haibadilishi tabia ya mtu. Mwisho tafuta kanuni zilizotolewa na waziri katika Gazeti la Serikali, kwa kuwa ada, fomu na siku za mwisho mara nyingi zimo humo na si kwenye sheria mama. Wengi hukwama hatua hii ya mwisho. Wengine husoma nakala ya zamani: sheria za kodi hurekebishwa karibu kila mwaka na Sheria ya Fedha, na marekebisho mengi huanza Julai 1.

Kwenye mtihani, kosa la mwanafunzi wa uchumi ni kujibu sheria ingepaswa kuwaje badala ya kueleza ikoje. Ataje suala, aseme kanuni, aioanishe na maelezo ya swali, atoe jibu. Grafu aiache nyumbani siku hiyo.

Wala simshauri mtu aanze upya shahada ya kwanza ya sheria, na baada yake mafunzo ya uwakili kwa vitendo, kama hakusudii kusimama mahakamani. Kozi 3 au 4 zinatosha: mikataba, ardhi na rehani, ushindani, kodi. Mikataba itangulie, kwani nyingine zote zinaiegemea. Wakuu wa idara nao waipange mwaka wa pili, mwanafunzi akiwa ameshamaliza uchumi wa awali na kabla hajachagua mada ya utafiti. Ikipangwa mwaka wa tatu, kama inavyofanyika mahali pengi, mwanafunzi hukutana na kifungu cha 114 wakati tasnifu yake kuhusu mikopo ya nyumba imeshapelekwa kufungwa jalada.

Wako msomaji,
Mwalimu wa uchumi, Morogoro