Waliolazwa kwa kifaduro wahesabiwe kwa wiki za umri

Mhariri,

Habari mliyochapisha kuhusu watoto waliolazwa hospitalini kwa kifaduro nchi nzima ilikuwa na jedwali zuri, lakini sentensi moja iliyowekwa chini ya jedwali hilo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu alieleza kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa walikuwa wamechanjwa, kisha akamwachia msomaji atafute maana yake mwenyewe. Na msomaji, kama nilivyosikia kwa watu wawili watatu niliowaonyesha habari hiyo, huamua upesi kwamba chanjo haina kazi. Sina ugomvi na tarakimu yenyewe. Ninachopinga ni kuichapisha ikiwa peke yake.

Tuchukue nchi ya kufikirika yenye watoto 100,000, ambao 95,000 kati yao wamechanjwa na 5,000 hawakuchanjwa. Tuseme kwamba katika kila watoto 100 wasiochanjwa wawili hulazwa, kwa hiyo tunapata watoto 100. Tuseme pia kwamba chanjo huondoa sehemu tisa kati ya kumi za hatari hiyo, hivyo waliochanjwa hulazwa wawili tu katika kila 1,000, nao wanafika 190. Wodini watakuwamo watoto 290, na karibu theluthi mbili yao watakuwa wamechanjwa, ingawa chanjo imefanya kazi yake barabara: pasipo chanjo wangelazwa 2,000. Kadiri nchi inavyochanja watu wengi zaidi, ndivyo sehemu ya waliochanjwa miongoni mwa wagonjwa inavyoongezeka, hata pale jumla ya wagonjwa inapopungua. Hesabu hii ni ya darasa la sita, na ilistahili nafasi ndogo pembeni mwa jedwali.

Lipo jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Jedwali liliwaweka watoto wote wa chini ya mwaka mmoja katika safu moja, kana kwamba mtoto wa wiki tano na wa miezi kumi ni wamoja mbele ya ugonjwa huu. Katika ratiba zinazotumika nchi nyingi, dozi ya kwanza ya chanjo yenye kinga ya kifaduro hutolewa mtoto afikapo wiki sita au nane, na kinga thabiti hujengeka baada ya dozi zinazofuata. Mtoto aliyechomwa sindano moja siku kumi kabla ya kuugua huandikwa "amechanjwa" sawasawa na aliyemaliza dozi zote tatu, na asiyefikia umri wa kuchanjwa huandikwa "hakuchanjwa" sawasawa na yule ambaye wazazi wake walikataa. Makundi hayo manne hayana haki ya kubanwa katika safu mbili.

Wiki hizo za mwanzo ndizo zenye hatari kuliko zote. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo hadi pumzi ikaisha, kisha huvuta hewa kwa ule mlio ambao watu wengi huujua, na mara nyingi hutapika; mtoto wa mwezi mmoja huenda asitoe mlio wowote. Huyo huweza kukohoa kidogo tu, kisha akaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, midomo ikageuka rangi, na mzazi akadhani amesinzia. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba takriban mtoto 1 kati ya 3 wa chini ya mwaka mmoja wanaougua huhitaji kulazwa. Antibiotiki hukata maambukizi, lakini zikichelewa hazipunguzi sana kikohozi kilichokwisha kushika, na ndiyo maana mchanga huyo hulazwa: aangaliwe usiku na mchana na apewe oksijeni inapohitajika, mpaka wiki mbaya zipite.

Ameupata wapi, wakati hata nje hajatolewa? Mara nyingi huupata kwa watu wa nyumbani. Kinga ya kifaduro, iwe ya chanjo au ya kuugua, hufifia baada ya miaka, na mtu mzima aliyeambukizwa huonekana kuwa na mafua ya kawaida kwa wiki moja au mbili, kipindi ambacho ndicho anachoambukiza zaidi. Chanjo zisizo na seli nzima za bakteria, zilizochaguliwa na nchi nyingi tajiri kwa sababu ya maudhi yake machache, hufifia mapema kuliko zile za zamani. Hili linafaa kusemwa wazi, kwa kuwa mzazi akilisikia kwanza kutoka kwa mpinga chanjo atadhani alifichwa.

Jibu la wiki hizo tupu lipo: mama huchanjwa akiwa mjamzito, na kingamwili zake humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Uingereza ilianzisha utaratibu huo Oktoba 2012, mwaka ambao watoto wachanga 14 walikufa kwa kifaduro, na uchunguzi wa mwanzo ulionyesha kinga ya takriban asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miezi mitatu. Katika habari yenu nzima neno "mjamzito" halimo.

Msinielewe kwamba nataka tarakimu zifichwe kwa kuwa zinatia hofu. Hofu isiyofafanuliwa ina gharama zake: Japani, baada ya vifo viwili vya watoto vilivyohusishwa na chanjo, kiwango cha uchanjaji kilishuka kutoka takriban asilimia 80 mwaka 1974 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1976, na mwaka 1979 wakaugua zaidi ya watu 13,000, wakafa 41.

Ninaomba basi mlichapishe upya jedwali lile, watoto wa chini ya miezi sita wakigawanywa kwa wiki za umri na idadi ya dozi walizopata, pamoja na safu ya kuonyesha kama mama alichanjwa wakati wa ujauzito. Ikiwa mamlaka iliyowapa takwimu haikusanyi safu hiyo ya mwisho, hiyo nayo ni habari, na ningependa kuisoma katika toleo lijalo.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi