Maksi za usaili hazimjui ticha wetu wa fizikia

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye sekondari moja ya kata, na hili jambo limenikaa rohoni sana. Zamani ukimaliza chuo ulikua unasubiri tu posti za TAMISEMI, unaona jina lako na shule uliyopangiwa, unabeba begi unaenda kuripoti. Saivi ni usaili, mwanzoni mwa 2025 waombaji walikua zaidi ya 200,000 kwa nafasi 14,000 na ushee, kwahiyo kuchuja lazima, hapo sibishani na mtu.

Ila kuna kijana hapa kwetu anajitolea tangu 2021, fizikia na hesabu, wazazi wanamchangia posho na kuna mwezi haifiki hata elfu 80. GPA yake ya kawaida tu. Maabara hatuna, umeme anaufundisha kwa betri za redio, balbu ya tochi na nyaya alizochomoa kwenye feni mbovu, watoto wanaunga wenyewe na balbu ikigoma hawaambii kitu, anasimama pale anasubiri mpaka wagundue waya gani umelegea. Kelele wanayopiga ikiwaka naisikia mpaka ofisini kwangu.

Huyo kafanya usaili wa kuandika, hakufikisha maksi za kuitwa orali. Majibu yametoka tuko stafu, akaangalia kwenye simu, akaiweka mfukoni, akachukua chaki akaenda form three maana kipindi chake kilikua kimefika. Mimi nikashindwa hata kumwambia pole.

Karatasi inapima unachokumbuka, na aliyemaliza juzi notsi bado anazo kichwani, huyu wa miaka mingi mtaani nadharia zimeshamtoka ila anajua darasa la watoto 90 linatulizwaje. Sasa kwanini wasimuone akifundisha? Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wapo kila wilaya na shuleni wanakuja, wakae dawati la nyuma vipindi viwili na mkuu wa shule, wajaze maksi zao kama tulivyokua tunajaziwa BTP, yale mazoezi ya kufundisha tukiwa chuo, halafu ziingie kwenye usaili zikijumlishwa na miaka aliyojitolea, wala sisemi mtihani ufutwe.

Kwetu wakija Jumanne watamkuta, ana dabo, vipindi viwili mfululizo, ya form three asubuhi.

Mwalimu wa taaluma, sekondari ya kata