Nakala za simu yako ziko mtandaoni. Ufunguo anao nani?

Mteja akinunua simu mpya, swali lake la kwanza huwa kama picha na meseji za zamani zitarudi. Mara nyingi zinarudi, kwa kuwa simu ilikuwa ikizipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kuwa na habari. Huduma hiyo ni nzuri na tunaipendekeza. Ila kinachorudi kwako kirahisi hivyo kinaweza kwenda pia kwa yeyote aliyeipata barua pepe yako na nywila yake.

Kampuni kubwa husimba data, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, zinapokuwa safarini na zinapokaa kwenye seva. Lakini kwa kawaida ufunguo wa kuzisimbua wanao wao, na mtu akishaingia kwenye akaunti yako, mfumo unamhesabu kuwa ni wewe. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, waliingiliwa mwaka 2012 kupitia nywila ya mfanyakazi iliyoibwa kwenye tovuti nyingine. Mwaka 2016 ikabainika kuwa barua pepe na nywila zilizofichwa za akaunti zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimechukuliwa. Ndiyo maana hatuchoki kusema: nywila ya barua pepe isitumike popote pengine.

Tazama WhatsApp. Ujumbe wenyewe umefumbwa (umesimbwa) mwisho hadi mwisho, yaani unasomwa na mtumaji na mpokeaji tu, na watu wengi wanaishia hapo. Chelezo, yaani nakala ya akiba, inayokwenda Google Drive au iCloud ni jambo jingine: haifumbwi namna hiyo mpaka uwashe ufumbaji huo mwenyewe. Uwezo huo upo tangu 2021. Ingia kwenye mipangilio ya gumzo, fungua chelezo, kisha uwashe ufumbaji kwa nywila au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi, uuweke mahali salama mbali na simu. Ukiupoteza pamoja na simu, WhatsApp hawawezi kukufungulia, wala sisi hatuwezi.

Kwenye iPhone, Apple waliongeza ulinzi wa aina hiyo kwa sehemu kubwa ya iCloud mwishoni mwa 2022, ingawa haupatikani kila nchi. Barua pepe, anwani na kalenda hazimo.

Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti ikuombe msimbo baada ya nywila. Msimbo wa SMS ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini laini ikihamishwa na tapeli, misimbo inamfuata yeye. Programu ya kutengeneza misimbo kwenye simu yenyewe ni bora zaidi.

Ruhusa za programu hazihitaji maelezo marefu: tochi haina shughuli na orodha ya anwani zako, iondolee. Tunachokuta kimesahaulika zaidi ni viungo vya kushiriki. Mtu alituma nakala ya kitambulisho kwa kiungo cha “yeyote mwenye kiungo”, kazi ikaisha, na faili bado liko wazi. Pitia mafaili uliyoshiriki, funga yasiyo na kazi tena. Na kabla ya kuondoa programu usiyoitaka, ifute akaunti yake kwanza, maana kuiondoa kwenye simu hakufuti data zilizoko kwenye seva.

Tunakagua haya yote pamoja na mteja, simu ikiwa mkononi mwake. Nywila unaandika mwenyewe. Hatuiulizi na hatuitaki kwenye karatasi ya kazi. Mtu yeyote akikupigia kwa jina letu akiomba nywila au msimbo, kata simu, kisha utuarifu.