Kaka anataka rangi nyeupe, mimi naogopa kuyaziba matofali ya baba

Ndugu mshauri na wasomaji wenzangu, salamu kwenu nyote.

Nina jambo linalonikosesha usingizi. Nitalieleza kirefu, kwa sababu kila niliyemuuliza kwa kifupi amenijibu kwa kifupi vilevile: "Pakeni rangi, ipendeze."

Nyumba ninayoishi na mama ilijengwa na marehemu baba kwa matofali ya kuchoma, na nje haikupigwa lipu. Matofali yale hayafanani. Yaliyokaa karibu na moto tanuruni yana weusi pembeni, mengine ni mekundu sana, mengine yana rangi ya chungwa. Familia ilipoongezeka tukaunganisha vyumba viwili kwa nyuma, safari hii kwa matofali ya mashine ya rangi moja, kahawia iliyopauka. Tangu hapo nyumba yetu ni kama kanzu iliyotiwa kiraka cha kitambaa kingine. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye atakayegharamia kazi hii, anataka nyumba nzima ipakwe nyeupe, praima kwanza kisha mikono miwili ya rangi ya maji, ili mbele na nyuma pawe kitu kimoja. Kuhusu kiraka sibishani naye. Kinaudhi kweli, na mimi ndiye ninayekiona kila siku.

Tatizo langu ni ukuta wa bafu.

Ukuta huo, kwa upande wa nje, baba aliupaka rangi ya mafuta zamani ili kuficha madoa. Haikupita miaka mingi ukaanza kutoa malengelenge. Mwezi uliopita niliminya mojawapo kwa kidole, maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nikavuta lile ganda la rangi taratibu, nikidhani litatoka peke yake. Lilitoka na uso wa tofali, unene wa ukucha hivi, na nyuma yake ukabaki unga mwekundu unaomwagika ukiugusa tu. Nilijaribu kulirudishia kwa kulibonyeza, nikajiona nafanya kazi ya bure. Fundi mmoja mzee aliyekuja kutazama akanieleza kwamba tofali likichomwa vizuri uso wake huwa mgumu kuliko tumbo lake, na uso huo ukitoka haurudi. Kilichobaki kinanyonya mvua kama sifongo.

Ndiye aliyenifumbua macho. Anasema tofali hunywa maji kidogo mvua inaponyesha, kisha huyatoa kama mvuke jua likiwaka, na halina shida na hilo miaka nenda rudi. Rangi ya kawaida, iwe ya mafuta au ya maji, hujenga utando juu yake, na ile ya mafuta huziba zaidi. Mvua ya mbele utando unaizuia. Ila maji hayaingii kwa mbele tu. Yanapanda kutoka ardhini, yanatoka kwenye bomba linalovuja ndani ya ukuta, yanatoka hata kwenye mvuke wa kuoga na kupika. Yakifika nyuma ya utando yanakwama hapo. Kwenye nchi za baridi kali mambo ni mabaya zaidi, maana maji yaliyonaswa huganda, hutanuka, na kulipasua tofali.

Yeye alipendekeza rangi ya kupenya. Hii haikai juu. Ni nyepesi, tofali huinywa, rangi yake ikashikamana ndani ya vitundu, na vitundu vyenyewe vikabaki wazi. Inaweza kupakwa tofali moja moja kwa brashi ndogo na jointi zikaachwa na rangi yake ya asili. Akajaribu kwenye matofali sita ya nyuma. Matatu aliyapaka mchanganyiko mwekundu, mawili akauongezea weusi kidogo, moja akaliacha lilivyo. Nilirudi nyuma kama hatua kumi nikatazama, na kwa mara ya kwanza sikuona kiraka. Niliona ukuta wa baba umeendelea.

Nikampigia kaka simu kwa furaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Hiyo nayo ikishaingia inatoka?" Nikamwambia haitoki. "Basi tofauti yake na rangi ni nini?"

Swali lake ni la haki. Nimelifikiria sana, na jibu ninaloliona ni kwamba tofauti ipo kwenye namna ya kuchakaa. Rangi ya kupenya ikizeeka hufifia polepole, hakuna cha kubanduka. Rangi ya utando ikizeeka humenyeka, na ukishaanza nayo huwezi kuacha: kila baada ya miaka kadhaa unakwangua, unapiga msasa, unapaka tena. Na kuiondoa kabisa kwenye tofali ni balaa. Dawa za kuibandua haziifikishi nje rangi iliyozama kwenye vitundu, na kupiga ukuta kwa mchanga wa mashine kunang'oa ule uso mgumu niliousema. Kaka hajaridhika. Naye ana hoja ambayo siwezi kuipuuza: rangi ya kupenya haiwezi kuligeuza tofali jekundu kuwa jeupe, wala haifichi nyufa na vibonde.

Mambo yakawa magumu zaidi nilipofanya jaribio la maji. Fundi alinifundisha: chukua kikombe, rusha maji ukutani, tazama. Tofali likiyanywa na kubadilika rangi, litapokea rangi ya kupenya. Maji yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, kuna kitu kimeliziba. Matofali ya baba upande wa mbele yaliyanywa hata kabla sijashusha mkono. Yale ya mashine yalinywa pia, ingawa kwa kusitasita. Ukuta wa barazani ulikataa kabisa, matone yakateremka mpaka sakafuni. Mama akakumbuka kwamba miaka ya nyuma uliwahi kupakwa vanishi ili ung'ae. Kwa hiyo nyumba ni moja, lakini ukuta wa mbele unataka hili, wa baraza unataka lile, na wa bafu ni mgonjwa.

Halafu kuna chumvi. Chini ya ukuta wa nyuma, kama kimo cha goti, hutokea unga mweupe. Nausugua kwa brashi kavu, baada ya mvua kadhaa unarudi. Unyevu unapopita kwenye tofali huyeyusha chumvi zilizomo, na maji yanapokauka usoni huziacha hapo. Fundi wa kaka anasema ataikwangua kisha apige praima nzito. Mimi naona huko ni kufunika kidonda chenye usaha. Juu ya sehemu hiyohiyo mfereji wa bati wa paa umetoboka, na udongo wa bustani umerundikana mpaka ukafunika safu mbili za chini za matofali. Nimeanza kuuondoa mwenyewe kwa koleo. Mfereji unasubiri mtu wa kupanda.

Ili nisionekane mbishi nimetafuta njia ya katikati. Ya kwanza ni chokaa. Ni nyeupe kama anavyotaka kaka, haizibi pumzi ya tofali, na ikichoka huchujuka kidogo kidogo bila kubanduka kwa mapande, ingawa inataka kurudiwa mara kwa mara na haitashika kwenye ile vanishi. Ya pili ni rangi ya silikati, ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878. Hii hushikana na madini ya ukuta wenyewe badala ya kutanda juu yake, na mvuke unapita. Inapatikana hata nyeupe. Nilipomtajia kaka alitulia kidogo, na kwa kaka yangu kutulia ni dalili njema. Ila nayo inataka ukuta usio na rangi ya mafuta wala vanishi, nikajikuta narudi palepale barazani.

Niseme na lililo moyoni. Karibu na mlango wa mbele kuna tofali lenye alama za vidole vitatu. Ni vya kaka mwenyewe. Alilibonyeza likiwa bichi, akiwa na miaka mitano, baba akakataa kulitupa na akalijenga mahali ambapo kila anayeingia ataliona. Watoto wake wakija likizo wanaingiza vidole vyao humo kupima. Najua mikono miwili ya rangi haiwezi kulijaza shimo la kidole. Lakini ule wekundu ulioiva kwenye moto, na mstari mweusi unaopita katikati ya alama, vitapotea. Sijamwambia kaka hili. Ni mkubwa wangu, ametusomesha, na sitaki aone kwamba namshika kwa machozi kwenye jambo analolilipia yeye. Nataka nikimwendea niende na maelezo ya kifundi yanayosimama yenyewe.

Kwa hiyo naomba msaada wenu, hasa mafundi na waliowahi kupitia haya. Ile vanishi ya barazani kuna namna ya kuitoa bila kuumiza uso wa matofali, au ukuta huo nikubali tu upakwe rangi na nyingine zipate ya kupenya? Matofali ya bafu yaliyopoteza uso, yang'olewe na kuwekwa mengine, au yakikauka vizuri yanaweza kuachwa? Na nikishaziba mfereji na kuondoa udongo, nisubiri muda gani kabla ya kuamini kwamba chumvi imekwisha? Fundi mzee anasema nipitishe msimu mzima wa mvua. Fundi wa kaka anataka kuanza mwezi ujao, na ameshaleta ngazi, imelala ubavuni mwa nyumba.

Kama yupo aliyewahi kumshawishi mkubwa wake abadilishe uamuzi wa namna hii bila kumvunjia heshima, naye aniambie alianzaje.

Wenu,
Binti wa fundi matofali